Kanga Wasio na Marisaa

Sehemu ya Tisa

"Umeona nini hapo, mwanangu?"

Ndiyo sauti tuliyoisikia wiki iliyopita nyuma ya Raihana, kanga kashanyonyolewa nusu mkononi mwake, maji ya moto yakifuka mvuke miguuni. Wale mlioniandikia kwamba ni Mzee Mahadhi, rafiki wa babake, poleni. Wale mlioapa kwamba ni babake karudi, poleni zaidi.

Aliyesimama kwenye mlango wa uani alikuwa Kazungu wa Adu. Kwa miaka ishirini na saba Kazungu ndiye aliyembebea Mzee Abdulhadi, babake Raihana, risasi, maji na maneno kila walipokwenda kuwinda kanga na kwale huko mashambani.

Raihana hakumwamkia. Hilo peke yake lilimtisha Kazungu, kwa maana binti huyu tangu anajifunza kusema hajawahi kumpita bila shikamoo.

"Marisaa yako wapi?" akauliza.

"Marisaa gani?"

"Mzee Kazungu, usin'fanye mtoto! Tangu nina miaka minane nawanyonyoa ndege wa Baba. Kila mmoja nilikuwa nikimtoa punje za marisaa ya bunduki, saba, tisa, nazitia kikombeni ili mtu asije akavunjika jino. Hawa wanne wa jana hawana hata punje moja. Hawana tundu. Hawana mbawa iliyovunjika. Na huyu, hebu tazama mguu wake."

Kazungu hakutazama. Mguu aliujua. Ulikuwa na alama nyembamba iliyouzunguka, kama ya uzi uliokazwa.

"Mshipi wa nailoni," Raihana akasema. "Huyu ni ndege wa mtego. Mzee Kazungu, wewe! Umetulisha kibudu?"

Neno hilo lilitua pale uani likakaa. Fikiria, msomaji. Nyumba ya Abdulhadi, Malindi, nyumba ambayo sahani zake za biriani ya kanga huzunguka mtaa mzima. Jirani wa kulia amekula. Jirani wa kushoto amekula. Imamu mwenyewe amekula, akaomba na mchuzi wa kuongeza. Sasa waje waambiwe kwamba walikula nyama iliyonyongwa, isiyopitiwa na kisu wala bismillahi!

"Kibudu? Mimi?" Kazungu alishika kifua. "Mulungu anaona! Miaka ishirini na saba natembea na babako, nisijue chakula chenu? Mtego wangu hushika mguu, haushiki shingo. Ndege namtoa mzima, namtia kwenye tenga, nampa maji. Babako akifyatua, mimi nakimbia kichakani. Natoka na mmoja anapiga mbawa, namtia mkononi mwake. Anasoma dua yake, anachinja mwenyewe. Hajala kibudu hata siku moja, wala hao majirani zenu."

Raihana alipumua. Moyo ulimrudi mahali pake, lakini haukukaa sana.

"Sasa mtego wa nini, na Baba ana bunduki?"

Kazungu alivua kofia.

"Kwa sababu babako haoni, mwanangu."

Nataka ujue kwamba Raihana ni muuguzi. Kasomea Mombasa miaka miwili, karudi nyumbani mwezi uliopita tu. Amefundishwa kumtazama mgonjwa kutoka mlangoni na kujua anaumwa nini. Na mwezi mzima ameketi meza moja na babake, akampakulia, akamwandalia chai, asione kitu.

Sasa vitu vilianza kumjia vyenyewe. Baba haendeshi tena gari, eti mgongo. Baba hasomi tena gazeti, eti limejaa uongo. Juzi Baba alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote, akasema siku hizi ndivyo anavyoipenda.

"Ya Rabbi," akasema, akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. "Tangu lini?"

"Mwaka juzi. Jicho la kulia limekufa kabisa. La kushoto analiona jua, na kivuli cha mtu akiwa karibu. Siku moja alimlenga mbuzi wa mke wangu Mbeyu, akidhani ni kanga. Nikaisukuma bunduki kwa mkono. Njia nzima hakusema. Wiki ile hakuja kuwinda, na ya pili hakuja. Nikaambiwa hali chakula, halali usiku, anakaa barazani tu. Nikasema huyu atakufa. Nikaenda kununua mshipi."

Raihana alitaka kumgombeza na kumkumbatia kwa wakati mmoja, na kwa kuwa hakujua lipi litangulie, alilia kidogo.

"Usilie, sikuja kwa hilo," Kazungu akasema. "Mzee yuko wapi? Mwambie wiki hii tusitoke. Jana Mzee alipokwisha kuondoka, Sajini Gerishom wa wanyamapori kaingia kichakani kwangu. Kaiona mitego yote. Kafungua tenga, ndege wamekwenda. Na hakuondoka. Amekaa pale pale amngoje mwenyewe."

Raihana aliinuka kibaoni.

"Baba hayupo."

"Kaenda wapi?"

"Mzee Mahadhi kaja kumchukua baada ya sala ya alfajiri. Kaona wale kanga wanne wa jana, kashikwa na wivu, kasema na leo lazima warudi. Alimwambia Baba, Kazungu tutamkuta shambani."

"Bila mimi?" Kazungu alisema. "Na bunduki?"

"Na bunduki."

Raihana alikimbilia simu. Akampigia babake, na simu ya babake ikaita ndani ya saraka ya kabati, kwa maana Abdulhadi haamini mtu kwenda kuwinda na kitu kinacholia. Akampigia Mahadhi. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

Alichukua ufunguo wa Landrova ya babake, ile iliyolala chini ya turubai kwa sababu ya "mgongo". Kanga wanne walibaki kwenye karai, na paka wa jirani, ambaye hana shida na marisaa, alikuwa tayari ukutani.

Walivuka daraja la Sabaki. Baada ya hapo Raihana akauliza.

"Mbele ya bunduki huwa kuna nani?"

"Mbeyu wangu na wanawake wenzake sita. Kanga wanafukua mbegu mashambani, wenye mashamba wanataka waondolewe. Basi wao huanzia mwisho wa mahindi, wanakuja wakipiga madebe. Kanga wanaruka kuja upande wetu."

"Upande wa Baba."

"Upande wa babako."

"Na nani humwambia Baba afyatue lini?"

Kazungu alikohoa. "Mimi namgusa kiwiko. Mara moja, piga. Mara mbili, acha, kuna mtu."

"Na leo nani atamgusa?"

 Raihana alikanyaga mafuta mpaka Landrova ikaanza kulia vyuma, na Kazungu, ambaye mkewe alikuwa mbele ya bunduki ile, aliona bado wanakwenda polepole.

Walifika Adu jua limeshakuwa kali. Gari la Mahadhi lilikuwa kando ya shamba, milango wazi, hakuna mtu. Kwa mbali madebe yalikuwa yakilia, wanawake wakipiga vigelegele na kutukana kanga kwa jina.

"Wameanza," Kazungu akasema.

Akaruka kabla gari halijasimama. Raihana akamfuata, buibui kaikusanya mkononi. Walipita mihogo, walipita mikorosho, na walikuwa wamebakisha kama hatua hamsini hivi pale bunduki ilipolia.

Madebe yalinyamaza.

Kisha mwanamke akapiga yowe.

"Mbeyu!" Kazungu aliita. Mtu wa miaka sitini na mitatu alikimbia kama aliyeambiwa nyumba yake inaungua. Raihana alibaki nyuma akiomba tu, asijue hata anaomba nini.

Mbeyu alikuwa amekaa chini ya mkorosho, debe mapajani, majani yamemjaa kichwani na mabegani. Alikuwa mzima. Alikuwa na hasira pia, za kutosha kijiji.

"Nani kapiga?" alifoka. "Nani huyo? Marisaa yamepita juu ya mkorosho, yamenimwagia majani! Kazungu, wewe ulikuwa wapi? Unamwacha Mzee peke yake na bunduki, una akili wewe?"

Kumbe Mbeyu naye alijua. Raihana alilisikia hilo na kulitia moyoni, maana hakukuwa na nafasi ya kuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa babake.

Abdulhadi alikuwa amesimama mwisho wa mahindi, kofia ya vito iliyotariziwa kichwani, kanzu kaikunja kiunoni, mtutu kaelekeza juu. Hatua ishirini kando yake, Mzee Mahadhi, rafiki yake wa tangu chuoni, alikuwa akitafuta kanga nyasini.

"Kaanguka hapa, nimemwona!" Mahadhi alikuwa akisema. "Ama hakuanguka. Abdulhadi, leo mkono wako umefanyaje?"

Raihana alimshika babake mkono.

"Shikamoo, Baba."

Abdulhadi alishtuka. Kisha uso wake ukatulia, na mwanawe aliona kwamba ni sauti iliyomtuliza.

"Raihana? Wataka nini huku na jua lote hili?"

"Baba," alinong'ona, "nimewanyonyoa wale wa jana."

 Mtu mwingine angeuliza, na wamekuwaje? Yeye hakuuliza.

"Kazungu kakwambia?" alisema mwisho.

"Kaniambia. Lakini yeye anadhani wewe hujui kuhusu mitego."

Abdulhadi alicheka kidogo puani. "Mwanangu, macho yangu ndiyo mabovu, si vidole. Ndege aliyepigwa ana damu. Ana mfupa uliovunjika. Ndege wa Kazungu niletewapo ni mzima, yuwapiga mbawa kwa afya zote. Siku ya kwanza tu n'lijua."

"Na ukanyamaza miaka miwili?"

"Ningesema, angeona haya, angeacha. Tungekaa nyumbani sote wawili, yeye kwake, mimi kwangu, tukingojea kufa. Na mimi n'napiga juu, Raihana. Siku zote n'napiga juu kabisa, hata Kazungu akin'gusa. Leo madebe yamelia karibu, n'kababaika. Yule aliyepiga yowe ni nani? Kaumia?"

"Ni Mbeyu. Hakuumia."

"Alhamdulillahi," alisema.

Hapo ndipo mtu alipotoka kwenye mahindi.

Alivaa sare ya kijani, jasho mgongoni, na mkononi alishika mitego mitatu ya mshipi. Nyuma yake alikuja askari kijana mwenye bunduki ya serikali. Sajini Gerishom alikuwa amelala mbu wakimla usiku kucha, na mtu aliyelala hivyo huwa hana salamu nyingi.

"Mzee ana kibali cha bunduki na cha kuwinda ndege," alisema. "Hilo sina neno nalo. Lakini mtego hauna kibali. Nimekuta kumi na minane. Ni ya nani?"

Wanawake wa madebe waliangalia miguu yao.

"Ni yangu," Kazungu akasema.

"Mimi ndiye niliyemtuma," Abdulhadi akasema papo hapo.

Sajini aliwatazama mmoja mmoja. "Mzee, una bunduki. Umtume mtu mitego ya nini?"

 Abdulhadi alilamba midomo. Mtu huyu alikuwa na jina Malindi nzima. Barazani wazee bado wanasimulia alivyoangusha kwale wawili kwa risasi moja. Watu hawamwiti mfanyabiashara wala haji, wanamwita mwindaji.

"Kwa sababu sioni," akasema.

Mahadhi aliangua kicheko. Alikuwa anamtetea rafiki yake, maskini, na hakujua anachimba wapi.

"Haoni? Sajini, usimsikize! Moyo wake ndio mwepesi, anataka kumficha huyu. Jana tu Abdulhadi kaangusha kanga wanne, nimewaona kwa macho yangu! Mtu haoni aangushe kanga wanne? Huyu Kazungu ni mwizi. Anatega, anauza, kisha anasingizia wazee."

"Ni kweli," Kazungu akasema upesi. "Mzee anaona vizuri sana. Mitego ni yangu, nilikuwa nikiuza hotelini. Nichukueni."

"Kazungu!" Mbeyu alipiga kelele.

"Nyamaza, mwanamke."

Sajini Gerishom alivua kofia akajipangusa uso. Miaka yote ya kazi yake watu walimkimbia wakikana. Leo wawili wanagombania kukamatwa, na mmoja wao anaongopa.

"Sikilizeni," alisema. "Kama Mzee haoni na ndiye aliyetuma, Kazungu nitamwonya, nitaondoka na Mzee, na bunduki yake. Kama Mzee anaona, basi Kazungu alitega kwa faida yake, na nitaondoka naye. Mmoja wenu analala kituoni leo. Hao kanga wa jana wako wapi?"

"Nyumbani," Mahadhi akasema. "Binti yake ndiye anayewanyonyoa."

Akamnyooshea Raihana kidole, akitabasamu, akiamini kwamba amemaliza kesi.

"Binti," Sajini akasema. "Hao kanga wanne walikuwa na marisaa, au hawakuwa nayo?"

Jamani, kuna swali gumu kuliko hili? Akisema walikuwa nayo, babake anarudi nyumbani na jina lake, na Kazungu, aliyempa babake miaka miwili ya furaha, anaingia ndani. Akisema hawakuwa nayo, anamtoa babake mwenyewe, mzee wa miaka sabini na moja, mbele ya rafiki yake na wanawake saba na madebe yao.

Kazungu alimtazama akaitikia kwa kichwa taratibu, kama anayemwambia: Sema walikuwa nayo. Mbeyu alimtazama pia, machozi yakimtoka, na yeye alikuwa akiomba kinyume.

Raihana alimgeukia babake ampe hata ishara. Babake alikuwa amesimama wima, kidevu juu, akingoja. Lakini hakuwa akimtazama yeye. Uso kauelekeza kwa mmoja wa wale wanawake, mwembamba, mwenye leso nyeusi, akidhani yule ndiye mwanawe.

Hapo Raihana aliamua.

"Hawakuwa nayo," alisema. "Hata punje moja. Babangu haoni. Mimi ni muuguzi na sikumwona, kosa ni langu."

 Mahadhi alimtazama rafiki yake, akautazama ule uso ulioelekea asipokuwapo mwanawe. Akalia mtu mzima, bila kujificha.

"Ahsante, mwanangu," Abdulhadi akasema, bado kwa yule mwanamke wa leso.

Sajini alisogea hatua moja. Sauti yake sasa ilikuwa ya adabu.

"Mzee, nipatie bunduki."

Na hapa, msomaji, mkono wa Abdulhadi ulifanya ulichozoea. Kwa miaka ishirini na saba, kila akimaliza, alikuwa akiinyoosha bunduki kuliani bila kutazama, na kuliani alikuwa Kazungu. Aliinyoosha kuliani.

Na Kazungu, kwa mazoea yale yale, akaipokea.

Ilikuwa ya mitutu miwili. Mmoja ulikwisha kupigwa. Wa pili bado ulikuwa na risasi, na nyundo yake imevutwa nyuma.

Yule askari kijana hakujua lolote la miaka ishirini na saba. Alichokiona ni mtu wa mitego ameshika bunduki, hatua tatu kutoka kwa sajini wake.

"Weka chini!" alipayuka, na ya kwake ilikuwa tayari begani. "Weka chini, nasema!"

Kazungu aliinama haraka aiweke chini. Mtutu ukashuka naye, ukapita mbele ya kifua cha Sajini. Mbeyu alitupa debe akaanza kukimbia kwa mumewe.  Kidole cha askari kikakaza.

Katikati yao wote Abdulhadi alisimama, mkono wake wa kulia ukiwa mtupu, akigeuza kichwa huku na huku.

"Kuna nini?" akauliza. "Mbona mu kimya?"